Tupeane uzoefu: tunawasamehe wenzetu wa bendera moja, na wengine je?

Mama wa Kamalondo

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na popote mlipo, ninaleta swali lililonikaa moyoni tangu usiku wa tarehe 7 Februari 2024, Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, walipocheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Mnakumbuka kwamba wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole vya mkono wa pili kwenye panja kama bastola, ili dunia ione kwamba watu wa mashariki wanauawa na wenye kusema wamenyamaza. Mahali tulipokuwa tukitazama, watu wote walisimama na kufanya vilevile. Kando yangu alisimama baba mmoja ninayemfahamu tangu utoto wangu Likasi. Mwaka 1992 alikuwa kijana katika kundi lililokuja na mapanga na petroli kutufukuza, sisi watoto wa Wakasai, watu wenye asili ya Kasai tulioishi hapa Katanga. Alifunika mdomo, nami nikafunika. Machozi yakamtoka, yakanitoka na mimi.

Usiku ule nilihisi kwamba nimemsamehe. Lakini sijui kama nilimsamehe kwa sababu yeye ni Mkongomani mwenzangu, au kwa sababu sote wawili tulikuwa tumepata mtu mwingine wa kumchukia. Naomba tupeane uzoefu: nani amesamehe kabila jingine, mkoa mwingine au nchi nyingine, na je, utaifa wake ulimsaidia au ulimzuia? Tuandike yaliyotupata wenyewe, hotuba za wanasiasa tumekwisha kuzisikia.

Yaya wa Kolwezi

Mama, sikupanga kuandika neno lolote leo, lakini umeniamsha.

Sisi tulifukuzwa Kolwezi mwezi Machi 1993. Baba yangu alikuwa fundi wa umeme mgodini, na babu yangu aliletwa Katanga na Wabelgiji, wakati walipokuwa wakitafuta vijana wa Kasai kwa ajili ya reli na migodi ya shaba. Mimi na ndugu zangu tulikuwa hatujawahi kukanyaga Kasai. Tulizaliwa hapa, tulisema Kiswahili hata ndotoni, na Tshiluba, lugha ya Wakasai, tulikielewa kuliko tulivyoweza kukisema. Asubuhi moja jirani aliyekuwa akitukopesha chumvi alisimama mbele ya lango letu pamoja na vijana, akawaonyesha kwa kidole ni nyumba ipi.

Tulilala kwenye uwanja wa stesheni pamoja na maelfu ya watu, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye viti, tukisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Mvua za Machi mnazijua. Choo hakikuwepo, maji tuliyanunua kwa wale wale waliotufukuza, kisha surua na kuhara vikaingia kwa watoto. Mdogo wangu wa kike alianza kuharisha usiku, na kabla jua halijapanda mama alikuwa bado amembeba mgongoni na kumwimbia, ingawa sisi wakubwa tulikwisha kuona kwamba amekufa. Baba alimzika nyuma ya ukuta kwa koleo la kuazima. Treni ilipofika tulipanda behewa la mizigo, na mama alikataa kukaa. Alisimama mlangoni akitazama ule ukuta mpaka ulipopotea.

Ninakuja sasa kwenye swali lako. Wakati ule tulikuwa sote Wazaire. Shuleni tuliimba wimbo mmoja wa taifa, karatasi za baba na za yule jirani zilikuwa na muhuri mmoja, na utaifa huo haukuzuia panga hata moja. Tulipofika Mwene-Ditu, kule Kasai, wenyeji wa huko walicheka Tshiluba chetu wakatuita watu wa Katanga. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba tunasameheana kwa sababu sisi ni taifa moja, ninauliza taifa hilo lilikuwa wapi siku ya stesheni. Nilirudi Katanga kwa sababu ya kazi na ndoa, ninaishi na watu vizuri, ninakwenda kwenye misiba yao. Mkiita hivyo msamaha, sawa. Mimi ninaona ni kuishi.

Mama Soko wa Kenya

Pole sana, mwanangu. Hata mimi, wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, nilikuwa Likasi mwaka 1992, kwenye ua wa shule tulimokimbilia. Yote uliyoyasema ni kweli.

Mwana wa Katuba

Ninawapa pole wote walioandika, tena kwa dhati. Lakini mimi ni Mkatanga, na ninaomba upande huu nao usikike, kwa kuwa mazungumzo haya kila yanapofunguliwa sisi hugeuzwa kuwa watu waliozaliwa na panga mkononi. Wazee wetu walikua wakiona kwamba ofisi za migodi, vyeo vya reli na madawati ya vyuo vilijaa watu waliotoka Kasai, wakati wao waliozaliwa juu ya shaba walibaki kuchimba mitaro. Rais Mobutu alilijua jambo hilo akalitumia. Mwezi Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulipomchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond wa kwetu, wanasiasa walikwisha kutayarisha kuni, wakatia moto. Gavana wetu wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa akiwahubiria vijana kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Ninaeleza chanzo, simhalalishii mtu kosa lake.

Uzoefu wangu ni huu. Baba yangu alinunua nyumba ya Mkasai aliyekuwa akikimbia, kwa bei ambayo siku hizi isingetosha hata kulipia mlango wake. Miaka ilipita, vita vya Laurent Kabila vya kumpindua Mobutu vikaja, yule mwenye nyumba akarudi na karatasi zake katika mfuko wa plastiki. Hakudai nyumba, aliomba aongezewe nusu ya thamani yake. Baba alikataa akisema kwamba mgeni haongezewi. Baba alipokufa, sisi watoto tulikaa kikao cha familia tukamtafuta yule mzee, tukamlipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Dada yangu mkubwa alimwomba msamaha kwa niaba ya marehemu. Mzee alihesabu noti, akatushukuru kwa heshima, akasema kwamba deni la nyumba limekwisha, na kuhusu lile la pili tusimharakishe. Tangu hapo sijui kama tumesamehewa, na sioni kama nina haki ya kumuuliza.

Yaya wa Kolwezi

Papa, hadithi ya nyumba ninaipokea, na familia yenu ilifanya jambo ambalo wengi hawajalifanya. Maelezo ya madawati na vyeo siyapokei. Baba yangu alipanda nguzo za umeme maisha yake yote. Ofisi unayoisema hakuwahi kuingia isipokuwa siku ya mshahara. Kila anayeua ana historia ndefu ya uchungu wa babu yake.

Mwana wa Katuba

Nimesema kwamba simhalalishii mtu. Lakini kama hutaki kusikia kwa nini jambo lilitokea, utasamehe nini?

Yaya wa Kolwezi

Sikuomba kusamehe. Nimeombwa uzoefu, nimeutoa.

Papa Fundi wa Kampemba

Watoto, poleni, msizime moto kwa petroli. Mimi nitazungumzia nchi kwa nchi, kwa maana hapo ndipo ninapoona jinsi serikali inavyotuongoza hata katika kuchagua adui. Nilikuwa Kisangani mwezi Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, wageni wote wawili, walipopigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Mabomu hayakuuliza mtu ni wa kabila gani. Mke wa kaka yangu alikatika mguu jikoni kwake, na hadi leo hatujui bomu lile lilirushwa na upande upi.

Sasa tazameni. Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, ikashinda tarehe 19 Desemba 2005, na mwezi Februari 2022 mahakama ikaipangia Uganda kulipa dola milioni 325. Rwanda nayo ilishtakiwa, lakini mwaka 2006 mahakama ilisema haina mamlaka juu ya kesi hiyo, kwa hiyo haikulipa chochote. Na kabla hata senti ya kwanza ya Uganda haijafika, mwezi Novemba 2021 serikali yetu yenyewe ililiruhusu jeshi la Uganda kuingia tena Ituri na Kivu ya Kaskazini kuwawinda waasi wa ADF waliotokea Uganda. Hapa Lubumbashi sijamwona mtu akimtukana Mganda barabarani. Mganda amesamehewa, na mimi sikumbuki siku ambayo yule mama wa mguu mmoja aliulizwa maoni yake.

Hilo ndilo linaloniuma. Taifa linaposamehe, linasamehe kwa mahitaji yake, na linapokataa kusamehe, vilevile. Mimi Mganda sina kisa naye, nimefanya kazi na mafundi wao na ni watu wema. Lakini nilitaka kumsamehe mwenyewe, kwa wakati wangu.

Mukivu wa Lubumbashi

Nimesoma yote kwa uvumilivu. Nyinyi mnazungumza juu ya mambo yaliyokwisha. Mimi nimetoka Bukavu baada ya mji kuanguka mwezi Februari 2025, majuma machache baada ya Goma. Nimeacha nyumba, nimeacha mama mzee aliyekataa kuondoka, na kila simu ninayopokea ninaiogopa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba jeshi la Rwanda linapigana pamoja na waasi wa M23, Kigali inakana, na sisi tunazika. Mtu anayenikanyaga shingo hawezi kuniletea habari ya msamaha kabla hajainua mguu.

Na kwa swali la Mama: ndiyo, mimi ninajivunia kwamba Mkasai na Mkatanga walilia pamoja usiku ule. Ndicho kitu pekee kizuri kilichotokana na mateso yetu. Mkitaka kujua kama utaifa unanizuia kuwasamehe watu wale, jibu ni ndiyo, unanizuia, na sioni aibu. Watu wale wote ni wamoja, wawe ng'ambo ya mpaka au wawe wamekaa humu ndani yetu wakijiita Wakongomani.

Dada wa Ruashi

Kaka, mimi ni mmoja wa hao uliowataja mwishoni. Nitaandika mara moja tu, kisha mtaniamulia.

Nilizaliwa Lubumbashi. Baba yangu alikuwa Munyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, wa milima ya Minembwe, Kivu ya Kusini, aliyekuja hapa kijana kusoma, akapata kazi, akaoa. Vita vya pili vya Kongo, vya serikali na Rwanda, vilipoanza tarehe 2 Agosti 1998, redio ilianza kutuzungumzia kwa namna ambayo mtoto wa umri wangu aliielewa bila kufafanuliwa. Rafiki zangu waliacha kunigusa. Jioni moja wanaume waliingia, wengine wakiwa na sare na wengine bila sare, wakamchukua baba akiwa amevaa kandambili. Mama alimkimbilia na viatu vyake, wakamrudisha kwa kitako cha bunduki. Baba hatukumwona tena, na hatujaonyeshwa kaburi.

Usiku uleule jirani yetu, mama wa Kikasai aliyekuwa akiuza unga, alipita juu ya ukuta wa nyuma, akatuchukua mimi na mama yangu, akatuweka katika ghala lake nyuma ya magunia. Tulikaa humo tusikohoe. Siku moja walikuja kwake. Nilimsikia kwa masikio yangu, kwa sababu kilichotutenga ni mbao nyembamba, akiwaambia: "Humu ndani wako Wakasai tu. Nyinyi mlikwisha kunifukuza Likasi. Mnataka kunifukuza mara ya pili, au mnataka unga?" Walichukua unga. Alipofunga mlango niliyasikia magoti yake yakigonga sakafu. Baadaye alifanikiwa kutufikisha mahali walipokuwa wamekusanywa wengine kama sisi, na tukasafirishwa nje ya nchi.

Nilirudi nikiwa mtu mzima, kwa pasipoti ya Kongo, kwa hiari yangu, kwa sababu hapa ndipo nyumbani. Usiku ule wa Leopards nami nilikuwa nikitazama mpira pamoja na majirani. Nina ndugu milimani ambao ng'ombe wao na vijiji vyao viliteketezwa, nina shangazi aliyechomwa katika kambi ya Gatumba, Burundi, mwezi Agosti 2004, pamoja na wakimbizi wenzake wa Kongo, zaidi ya 150 kwa jumla, wengi wao Banyamulenge. Niliinua mkono nifunike mdomo wangu, na kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka, akanitazama pua, akacheka, akawaambia wenzake kwamba hata huyu naye. Nilishusha mkono nikaondoka kabla mpira haujaanza.

Mnauliza kama utaifa husaidia kusamehe. Mimi nimeusamehe mji huu kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekuwa na sababu zote za kufunga mlango wake. Sijaisamehe serikali, kwa kuwa haijaniambia baba amelala wapi. Na siwezi kuwasamehe Wakongomani kama taifa maadamu kila siku ninaulizwa kama na mimi nimo.

Mama Soko wa Kenya

Mungu wangu. Binti yangu, je, mama huyo wa unga yuko hai?

Mama wa Kamalondo

Nami ninauliza hilohilo. Alikuwa akiuzia unga soko gani? Huenda tulikuwa pamoja Likasi, katika shule ileile.

Dada wa Ruashi

Yuko hai, Mama, ila hatembei sana. Hataki jina lake litajwe, nami ninaheshimu neno lake.

Papa Fundi wa Kampemba

Mwambieni kwamba mzee mmoja wa Kampemba amevua kofia.

Mukivu wa Lubumbashi

Dada, pole kwa baba yako, na ninalisema hilo kwa moyo. Lakini hadithi ya mtu mmoja haiwezi kutumiwa kufunika historia. Wanyarwanda wengi waliletwa Masisi, Kivu ya Kaskazini, na Wabelgiji wakati wa ukoloni, wengine walikimbilia kwetu baadaye, na mwezi Julai 1994 wakaingia Goma karibu milioni moja. Tuliwapa ardhi, maji na makaburi. Kisha vita vikaja kwa visingizio vyao. Kila anapojitokeza mwasi anasema anawatetea ndugu zako.

Dada wa Ruashi

Sikumtuma mtu anitetee. Na wazee wa baba yangu walikuwa kwenye milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, kabla ya Masisi unayoisema.

Yaya wa Kolwezi

Kaka Mukivu, hoja yako ninaijua, niliisikia Kolwezi. "Waliletwa na Wabelgiji, tuliwapa ardhi, sasa wanatutawala." Babu yangu ndiye aliyeletwa. Kama kuletwa na Mbelgiji ni kosa lisilosameheka, basi mimi nami nirudi stesheni.

Mwana wa Katuba

Hapa ninakubaliana na Yaya, ingawa hatujapatana kwa mengine.

Mwalimu wa Kasapa

Naomba nafasi kama mtu anayefundisha mambo haya, na kama mtu aliyempoteza mjomba katika vita hivyo hivyo. Kwanza, sheria. Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema kwamba ni Mkongomani wa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Kabla yake tulikuwa na sheria ya 1972 iliyotoa uraia kwa wingi kwa watu wenye asili ya Rwanda na Burundi, na ya 1981 iliyounyang'anya. Mtu aliyeona uraia wake ukitolewa na kurudishwa kwa kalamu hawezi kuuhisi kama wewe usiyewahi kuulizwa.

Pili, swali la Mama limewahi kuchunguzwa kwingine. Mwaka 2005 wanasaikolojia Michael Wohl na Nyla Branscombe walichapisha utafiti waliowafanyia Wayahudi wa Amerika ya Kaskazini. Baadhi walikumbushwa mauaji ya Wayahudi kama jambo ambalo Wajerumani waliwatenda Wayahudi. Wengine kama jambo ambalo binadamu waliwatenda binadamu. Wale wa kundi la pili walikuwa tayari zaidi kuwasamehe Wajerumani wa leo. Kwa hiyo anayehesabiwa ndani ya "sisi" husamehewa kwa urahisi zaidi, na usiku wa Leopards ulifanya kazi hiyo kwa Mama na yule baba: uliwaweka wote wawili ndani.

Lakini msikimbilie kufurahi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mwingine, uliohusu wazawa wa Australia, watu walionyang'anywa ardhi na watoto wao. Walipokumbushwa kwamba sote ni binadamu, walisamehe zaidi, ila utayari wao wa kupigania haki zao kwa pamoja ukapungua. Ninawaomba wale wanaohubiri umoja walitafakari hilo. Mtu anaweza kuingizwa ndani ya "sisi" ili anyamaze.

Tena tazameni upande wa pili wa mpaka. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994, Rwanda iliendesha gacaca, mahakama za vijijini, hadi 2012, kisha mwaka 2013 ikaanzisha mpango wa Ndi Umunyarwanda, ili kila mtu ajione Mnyarwanda kabla ya kuwa Mhutu au Mtutsi. Majirani waliouana wanaishi kando kwa kando. Utaifa uliojengwa kwa ajili ya msamaha wa ndani haukuwazuia askari kuvuka mpaka. Sisi nasi tunajenga umoja wa ndani, na bei yake tumemlipisha Dada wa Ruashi. Mwaka 1998 Yerodia Ndombasi, mkuu wa ofisi ya Rais Kabila, aliwaita Watutsi wadudu wa kuangamizwa, na hapa Katanga miaka sita nyuma Wakasai walikuwa wamekwisha kuitwa wadudu.

Mukivu wa Lubumbashi

Mwalimu, umesema vizuri, lakini tafiti hizo zilifanywa kwa watu ambao vita vyao vilikuwa vimekwisha. Mjerumani wa 2005 hakuwa Bukavu.

Mwalimu wa Kasapa

Hapo sina la kukupinga. Sikuombi uisamehe Kigali, wala jeshi lolote. Ninakuomba umwondoe dada huyu katika hesabu ya Kigali.

Mama Soko wa Kenya

Nami nitoe ushauri wa mama wa soko. Mama wa Kamalondo, yule baba wa Likasi mwite nyumbani, pika bukari na sombe na samaki, weka mezani, na asitie mkono kwenye sahani kabla hajasema kwa kinywa chake alichokifanya mwaka 1992. Njaa itamsaidia kukumbuka.

Yaya wa Kolwezi

Usimpikie. Aliyekuchomea jiko asile jikoni kwako.

Papa Fundi wa Kampemba

Mimi ninasema aitwe mbele ya wazee wa pande zote mbili, si kwako peke yako. Mkiwa wawili tu atalia, utalia, na kesho hakuna shahidi.

Mwana wa Katuba

Au mbele ya padri. Mwezi Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliwakutanisha Wakatanga hapa Lubumbashi kwa ajili ya umoja na upatanisho. Mkutano huo ulikuwa wa kuwapatanisha Wakatanga wa kaskazini na wa kusini, jambo zuri. Mkutano wa Wakatanga na Wakasai juu ya 1992 bado ninausubiri.

Mama wa Kamalondo

Nimewasoma wote. Yule baba nimekwisha kumuuliza, kabla sijaandika hapa. Alisema kwamba wakati ule walikuwa vijana, walitumwa, na kwamba sasa adui wetu ni mmoja. Nilimwambia kwamba sikumuuliza juu ya adui, nilimuuliza juu ya nyumba yetu na juu ya kaka yangu. Alinyamaza, akaniambia atarudi, na hajarudi. Kwa hiyo lile nililolihisi usiku wa mpira sitaliita msamaha tena. Nililia na mtu ambaye hajaniambia neno.

Baada ya kusoma maneno ya Dada wa Ruashi, ninaomba tufanye jambo moja. Kila mmoja alete majina ya watu wake waliokufa kwenye stesheni, kwenye shule, njiani kwenda Kasai, na wale waliochukuliwa mwaka 1998. Tuyaandike katika daftari moja, kwa mwaka na mahali, bila kuweka kabila.

Yaya wa Kolwezi

Mdogo wangu aliitwa Ngalula. Kolwezi, Machi 1993. Nimeanza.

Mukivu wa Lubumbashi

Mama, kwa heshima, 1992 na 1998 si jambo moja. Mwaka 1998 nchi ilikuwa imevamiwa, na watu walikuwa na hofu ya kweli. Mkiyachanganya, sitaweka majina ya Bukavu ndani ya daftari hilo.

Mama wa Kamalondo

Mwanangu, mwaka 1992 nao walikuwa na hofu ya kweli, Mwana wa Katuba ameieleza vizuri. Baba yake dada huyu alivamia nini akiwa na kandambili? Daftari ni moja. Nafasi ya Bukavu ninaiacha wazi.

Dada wa Ruashi

Nitaleta jina la baba, na la shangazi wa Gatumba, kama Burundi nayo inakubalika. Nitaleta pia ya Wakasai ambao yule mama wa unga aliwapoteza Likasi. Ameniruhusu kuyataja ya kwao, isipokuwa lake.

Mukivu wa Lubumbashi

Nina binamu aliyeuawa Februari 2025, na nina babu aliyeuawa Kasika, Kivu ya Kusini, mwezi Agosti 1998, ndani ya vita vilevile vilivyomchukua baba yako, dada, ila kwa mkono wa upande wa pili. Siwezi kuamua peke yangu kuwaweka kwenye ukurasa mmoja. Mama yangu bado yuko Bukavu, na uchungu wa babu ni wake kabla ya kuwa wangu. Simu ikipatikana nitamuuliza, kisha nitawaletea jibu lake kama litakavyokuwa.